Hofu ya kweli na lawama ya uongo

Kila mwanafunzi wa ushauri nasaha anayekaribia kumaliza masomo huulizwa, kwa namna moja au nyingine, anaamini kwamba mwanadamu hupona kwa njia gani. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sisi tulio kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo, tulitakiwa kuandika jibu letu katika ukurasa mmoja, nami nilisoma kurasa za wenzangu kabla ya kuandika wa kwangu. Zilikuwa nzuri na karibu zote zilifanana: mtu ana uwezo wa kupona ndani yake, mshauri humsindikiza tu, wala hamhukumu. Hayo ni mafundisho ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1957 alieleza masharti aliyoyaona kuwa ya lazima na ya kutosha ili mtu abadilike, yakiwemo mshauri kuwa mkweli, kumthamini mteja bila masharti, na kuuelewa ulimwengu wake kama yeye mwenyewe anavyouona. Sina ugomvi na Rogers, na sijui mshauri mzuri asiyemhitaji. Lakini ukurasa ambao ungeweza kuandikwa Chicago bila kubadilishwa hata nukta hauniambii nifanye nini pale mama anapoketi mbele yangu na kusema kwamba hapati usingizi kwa sababu usiku risasi zimelia juu ya mtaa wao.

Swali langu, kwa hiyo, lilikuwa juu ya hofu. Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba ya utambuzi mjini Philadelphia katika miaka ya 1960, alifundisha kwamba mtu mwenye sonona huteswa na fikra zinazopotosha hali ilivyo, na kwamba mshauri na mteja wanaweza kuzipima fikra hizo pamoja, kama madai yanayohitaji ushahidi. Ni wazo zuri kabisa, ila linadhani kwamba nje ya mlango mambo yako shwari. Tangu vita ilipofika mjini Februari 2025, anayeogopa kutembea gizani hajakosea hesabu yoyote, na nikimwambia kwamba hofu yake imepita kiasi, mwenye fikra potofu ni mimi.

Aliyenisaidia kutoka hapo ni Patricia Resick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetunga tiba ya kuchakata fikra kwa ajili ya wanawake waliobakwa. Yeye huzitafuta hasa fikra zinazomkwamisha mtu, yaani maelezo ambayo mteja amejipa juu ya sababu ya yaliyompata, na ambayo mara nyingi humfanya mwenyewe kuwa mkosaji. Hapo nikaona mpaka ninaouhitaji. Hofu ya kweli siiondoi. Namsaidia mteja kuibeba na kupanga nayo: njia gani ya kupita, nani wa kumpigia simu, watoto walale chumba kipi. Lawama ya uongo, hiyo naigusa.

Mama mmoja, ambaye habari zake nimezibadilisha kiasi cha kutosha asitambulike, alimpoteza mtoto wake nyumba yao ilipobomoka kwenye mteremko wakati wa mvua kubwa. Alikuwa sokoni. Kila alipokuja aliniambia jambo lile lile: "Mwanangu, kama nisingeenda sokoni, mtoto angekuwa hai." Sikumwambia kwamba si kosa lake, kwani majirani walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo na halikumwingia. Nilimwuliza mvua ilianza saa ngapi, ukuta uliangukia upande gani, na mchana kama ule yeye hupumzika wapi. Alionyesha kwa mikono yake juu ya meza: hapa mlango, hapa jiko, hapa kitanda anacholalia na mtoto. Mkono ukakaa palepale kwenye kitanda. "Basi tungekufa sote wawili," akasema. Alilia kuliko siku zote, na juma lililofuata hakuja. Aliporudi, alitaka kuzungumza juu ya mtoto mwenyewe, alivyopenda kucheka, wala si juu ya soko.

Tiba hiyo ya Resick ilijaribiwa katika vijiji vya Kivu hizi hizi, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wanawake walioipata katika vikundi walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopewa msaada wa mmoja mmoja, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wala wenye shahada za saikolojia, bali wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita APS, na mazoezi yalirahisishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyakariri. Kwa mtu kama mimi, anayesubiri diploma kwa hamu (na ambaye familia yake tayari inamwita dokta), hilo ni jambo la kutafakari kabla ya kununua kibao cha mlangoni.

Wenzangu wengi, hasa walio imara kanisani, humpenda zaidi Viktor Frankl, daktari wa akili wa Austria aliyepita katika kambi za Wanazi na kufundisha kwamba mtu anaweza kupata maana hata katika mateso. Namheshimu, lakini namwogopa akiwa mikononi mwa mwanafunzi. Maana ambayo mfiwa ameitafuta mwenyewe humsimamisha. Ile anayopewa na kijana wa staji katika kikao cha pili ni mahubiri, tena mafupi.

Niliandika pia kwamba siamini katika maneno peke yake. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, huunganisha matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kujipatia riziki, na nadhani mpangilio huo ni falsafa kamili kuliko ukurasa wangu. Mama asiye na mtaji wa kurudi sokoni hatapona kwa kusikilizwa tu.

Tulichobishania hadi leo ni sala. Familia nyingi hufika kwetu baada ya kupitia vyumba vya maombi, na wengine huendelea kwenda huko huku wakija kwetu. Mimi sishindani na mchungaji, ila akimwagiza mgonjwa aache dawa alizoandikiwa, namwambia mgonjwa waziwazi kwamba sikubaliani na agizo hilo, kisha naomba ruhusa ya mgonjwa ili niende kuzungumza na mchungaji huyo. Mwenzangu mmoja husali pamoja na mteja akiombwa. Mimi hunyamaza, nikamwachia mteja asali, kisha tunaendelea na kikao. Mwenzangu huyo anasema kunyamaza kwangu nako ni hukumu, na msimamizi wetu ametutaka kila mmoja alete kikao kimoja cha aina hiyo ili tukijadili mbele ya kundi.