Barua ya makasha mawili

Basi la usiku kutoka Columbus lilinifikisha Philadelphia saa nne asubuhi, miguu imenivimba. Kikombe cha chai pale kituoni dola 4, tena haina hata iliki. Nilikuwa nimekuja kusoma barua za zamani za kiwanda cha sarafu cha Marekani, za miaka ya 1830, nikidhani nyaraka ziko karibu na hoteli. Kumbe zimewekwa mbali, kaskazini-mashariki ya mji. Teksi ikanila dola 46, kwenda tu! Kwetu Unguja kwa fedha hiyo ningetoka Mjini mpaka Nungwi, nikala samaki, nikarudi na chenji.

Mlangoni kalamu ya wino unaiacha, unaingia na penseli. Nikaletewa boksi la kijivu, na hapo uchovu wote ukaniondoka. Karatasi ni nene, imekunjwa yenyewe ikawa bahasha yake, na kwa nyuma karani ameandika jina la aliyeleta na tarehe, ili ikitafutwa ipatikane upesi. Kwenye moja lakiri nyekundu imesalia ukingoni, imepasuka kama punje ya ubuyu. Na mambo yenyewe ni ya kazi za kila siku: mmoja anaomba kazi, mwingine anauliza dhahabu yake imepimwaje, na kampuni ya Crocker ya Taunton, Massachusetts, inaandika juu ya vile vipande vya shaba inavyowauzia kwa kupigia senti. Mkurugenzi Samuel Moore alikuwa na haya mezani kila asubuhi.

Barua iliyonitoa nyumbani, maneno yake nilikuwa nimeyachapa na kuyabeba mkobani. Ni ya tarehe 11 Novemba 1834, kutoka kwa John Forsyth, Waziri wa Mambo ya Nje, kwenda kwa Moore. Rais ameagiza seti kamili ya sarafu za Marekani ipelekwe kwa Mfalme wa Siam, Thailand ya leo, na nyingine kwa Sultani wa Maskati. Sultani huyo ni Sayyid Said bin Sultan, yule yule wa Unguja, ambaye mwaka mmoja nyuma, 1833, alikuwa amefunga mkataba wa biashara na mjumbe wao, Edmund Roberts. Waziri mzima anaendelea kueleza makasha ya kutilia: yawe madogo, ya ngozi ya kimoroko isiyo na nakshi, moja la njano na moja jekundu, ndani mahameli ya zambarau. Hapo kwenye mahameli nilirudia mara tatu. Watu hawa walimfikiria mtu wa kwetu mpaka kitambaa cha ndani ya kasha!

Forsyth alitaka sarafu za kila aina "inayotumika sasa". Dola ya fedha ilikuwa haijapigwa kwa miaka 30, lakini kiwandani waliona seti bila dola haijatimia, wakapiga mpya na kuziandika mwaka 1804, mwaka ambao daftari zao zilionyesha dola kutoka mara ya mwisho. Roberts akasafiri nazo katika manowari Peacock, ikakwama kwenye mwamba pwani ya Omani, na mnamo Oktoba 1835 zawadi ikafika Maskati. Dola inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 7.

Siku mbili zilizofuata sina la kusimulia, mvua tu na mkate mkavu wa bei mbaya. Nilipita kwenye kona ya Chestnut na Juniper, kilipokuwa kiwanda wakati barua ile inaingia. Sasa ni jengo refu la ofisi. Nikasimama chini ya mwavuli nikimkumbuka bibi, aliyekuwa na reale moja ya Maria Theresa kashani, ameifunga kwenye kipande cha merikani. Sisi watoto tulikuwa tunaomba tuishike tu, tuone uzito wake.

Usiku nikampigia mama kumuuliza reale ya bibi iko wapi. Kule kulikuwa kumeshapambazuka, nasikia jogoo.

"Ile mwanangu sonara alishaiyeyusha zamani," akasema. "Si ndiyo kikuku alichoolewa nacho dada yako."