Taa Hazikufifia

Septemba 2018 baba alikuwa anavuna zabibu Hombolo, na msafirishaji wake nilikuwa mimi. Kila Ijumaa nikitoka kufundisha nashika njia ya Hombolo, nalala kwake, na Jumamosi alfajiri tunapakia kreti nane kuzipeleka soko la Majengo mjini Dodoma. Zabibu haina subira. Ikishakatwa, ikapigwa na jua la Septemba mpaka saa sita, vikonyo vinakauka, punje zinalegea, na mnunuzi anakutajia bei huku macho yake yako kwa muuzaji mwingine.

Gari langu lilikuwa la mitumba kutoka Japani, otomatiki, maana yake hata ukipata wanaume kumi wa kulisukuma, haliwaki. Mwezi Agosti likaanza kukataa. Lingekataa moja kwa moja ningejua nimefiwa na gari, nipande daladala. Lakini lilikuwa linawaka siku tatu mfululizo kama jipya, siku ya nne linanigomea mbele ya lango la shule, wanafunzi wanapita. Nazungusha ufunguo: ta! Kimya. Tena: ta! Kimya. Mara ya saba linanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Jumatatu saa 1 asubuhi, baridi, limewaka. Jumatano saa 9 mchana, limetoka safari, limekataa mara sita. Alhamisi asubuhi, baridi, limekataa mara mbili. Nilikuwa natafuta mpangilio, wa joto, wa umbali, wa chochote, na sikuuona.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua betri mpya, likawaka siku nne. Wa pili akamwagia maji ya moto unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akakaza nati kwa spana namba 10, akabadilisha waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari. Likawaka wiki nzima, nikamshukuru kwa watu. Wa tatu alizungusha ufunguo mara tano, likawaka mara tano. Nikamfungulia daftari, hakulitazama. "Dada, gari zima hili. Labda unawahi kuachia ufunguo." Nilikuwa na miaka tisa barabarani. Nikalipa, nikaondoka na donge kooni.

Baada ya hapo baba alibuni njia yake: tukifika shambani, gari lisizimwe. Tulikuwa tunapakia kreti linaunguruma, moshi unatupiga miguuni, mafuta yanateketea, lakini tuna uhakika wa kuondoka. Jumamosi moja halikuwa la kuunguruma, kwa sababu lilikuwa limelala pale shambani usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri niliwasha taa za mbele ili baba aone anapopanga kreti, kisha nikazungusha ufunguo. Ta! Baba alikuwa amesimama mbele ya taa, kivuli chake kirefu kimelala juu ya mistari ya mizabibu. Nikazungusha tena na tena, na macho yangu yalikuwa pale pale kwenye kile kivuli. Hakikupungua weusi. Taa hazikutikisika hata chembe.

Liliwaka jua limeshapanda. Nikafika Majengo saa tano, na kreti tatu ziliondoka kwa nusu ya bei. Nilipompigia simu baba kumweleza, alinyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Pole na safari."

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, Kizota, chini ya mwarobaini. Nilimkuta anamenya waya kwa meno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kaa."

Hakugusa boneti. Aliniuliza maswali kwa muda ambao wengine wangekuwa wameshafungua nusu ya gari. Likikataa, linasema nini? Nikamwambia linagonga, ta. "Mara moja, au tatatata?" Mara moja. "Ukiwa umewasha taa za mbele, zinafifia?"

Nilimsimulia kile kivuli cha baba. Aliweka waya chini.

"Wangapi umewaambia habari hiyo?"

"Hakuna aliyeniuliza, mzee."

Akanieleza taratibu. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inakula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Ikiuvuta, taa lazima zififie. Betri ikiwa imechoka, taa zinakaribia kuzimika kabisa na unasikia tatatata. Taa zikibaki vilevile, basi ule umeme mkubwa haujaondoka: ama waya mnene una tatizo mahali, ama unafika kwenye stata na stata yenyewe haiupitishi ndani. Akaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 12.6. "Nzima. Na ile uliyoitoa pengine ilikuwa nzima vilevile."

Nikawasha gari ili asikie, likawaka papo hapo. Aibu ilinipanda, nikijua sasa ataniambia kama yule wa tatu. Yeye akasema, "Leo haliumwi. Tutalisubiri mpaka liumwe." Akatandika kipande cha boksi, akajilaza chini na taa yake ya kupimia, ile balbu ndogo yenye waya mbili. Mimi kwenye usukani: washa, zima, washa, zima. Nilihesabu mpaka 26 huku jasho likinitiririka. Ya 27: ta!

"Usiachie ufunguo!"

Nikaushikilia kwa vidole viwili. Nilisikia sauti yake kutoka chini, anahesabu kama anayejisemea. Waya mnene wa betri: balbu inawaka. Waya mwembamba wa ufunguo: inawaka. Nati inayopeleka umeme kwenye mota ya stata: giza. "Achia sasa. Umeme umefika mlangoni, hauvuki."

Aliishusha stata, akafungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha juu ya gazeti. Ndani mna kichuma kinachovutwa na sumaku ukizungusha ufunguo, na mbele yake kuna kisahani cha shaba. Kazi ya kisahani ni kugusa vipande viwili vya shaba kwa pamoja ili umeme uvuke. Ile ta! ndiyo kisahani kikigonga. Kipande kimoja kilikuwa kinene bado. Cha pili kilikuwa kimelika upande mmoja mpaka kimebaki ncha nyembamba, nyeusi, kama ukucha uliotafunwa. Na kisahani nacho kilikuwa na mashimo ya kuungua pembeni. Akakizungusha kwa kidole. "Unaona kinazunguka? Kikiangukia upande mzuri, unawasha. Kikiangukia hapa penye shimo, unabaki barabarani. Ndiyo maana daftari lako halina mpangilio."

Alikuwa amelisoma daftari, ukurasa hadi ukurasa.

Vipande viwili vipya vya shaba havikufika hata robo ya bei ya betri niliyonunua. Kisahani alikisugua kwa msasa, akakigeuza, akafunga stata. Niliwasha mara 40 pale pale. Hakunizuia, alisimama akisikiliza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa shambani tena kabla ya mapambazuko. Baba aliinua kreti ya kwanza, akasimama nayo mikononi, akitega sikio kwa gari.

"Mbona silisikii likiunguruma, mwanangu? Limekataa?"

"Hapana baba. Nimelizima mwenyewe. Tupakie."

Alinitazama, akatazama gari, akaingiza kreti ndani, akaenda kuchukua ya pili.