Chupa Iliyopita

Jumamosi kwenye sendofu ya binti wa dada yangu, kijana wa vinywaji alipofika meza yetu, mama akafanya mambo yake. Akainua chupa kuelekea kwenye taa ya ukumbi, akaigeuza nusu mzunguko, akaitazama kitako, ndipo akamruhusu kijana afungue. Haijalishi kama ni soda nyeusi ambayo hata umulike na kurunzi huoni ng'ambo. Sisi tumeshazoea. Mwanangu, aliye darasa la pili, ndiye aliyeshtuka: "Baba, bibi anatafuta nini humo ndani?"

Nikamwambia anatafuta mende. Jibu la kijinga, najua. Dada akanikata jicho.

Ukweli ni kwamba mama alikaa kwenye taa miaka kumi na miwili, kwenye kiwanda cha soda kilichokuwa Barabara ya Pugu, hii ambayo siku hizi ni Nyerere. Pale sasa ni yadi ya makontena. Ukipita na daladala huwezi kujua. Kazi yake ilikuwa kutazama chupa tupu. Zikishatoka kuoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, zilipita kwenye mkanda mbele ya kioo cheupe chenye taa kwa nyuma, naye amekaa kwenye stuli, anaangalia. Dakika ishirini, kisha anampisha mwenzake. Alisema ukizidisha hapo jicho linabaki kuona chupa tu, halioni kilichomo.

Na vilivyomo vilikuwa vingi, kwa sababu sisi watu wa mji huu hakuna tusichoweka kwenye chupa ya soda. Mirija. Visoda vilivyokunjwa vikasukumizwa ndani. Saruji iliyoganda. Rangi ya mlango. Siku moja mjusi, ambaye mama alimsimulia nyumbani wakati tunakula, mpaka baba akahama mkeka. Adui mkubwa alikuwa mafuta ya taa, maana hayo jicho halikusaidii, ni pua tu. Kreti yenye mashaka ilinuswa chupa moja moja kabla haijafika kwenye kuoshwa.

Kufungwa kwenyewe sina mengi ya kusema. Mgawo wa umeme wa miaka ile mnaukumbuka, maji ya bwawa la Mtera yalipokauka. Jenereta likanywa dizeli kuliko watu walivyokunywa soda. Spea hakuna, benki inadai, soda za washindani zimejaa madukani. Barua ikabandikwa getini. Ilikuwa 1995, mji mzima unazungumzia uchaguzi wa vyama vingi, nani angehangaika na kiwanda cha soda?

Siku ya mwisho mama alinichukua. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa na miaka tisa. Tulitembea kwa miguu kutoka Keko, yeye kavaa ovaroli iliyopigwa pasi kama anakwenda kuanza kazi. Hajawahi kunipitisha geti lile kabla, na mlinzi siku hiyo hakuuliza kitu.

Ndani kulikuwa na harufu ya sukari iliyochanganyika na sabuni, sakafu imelowa, na kelele. Ninaposema kelele, chukua chupa mia kadhaa zinazogongana mabega bila kupumzika. Watu walizungumza kwa mikono. Nusu ya wafanyakazi hawakuwepo tena, wengine walikuwa wanazunguka na vifurushi ambavyo hakuna aliyetaka kuvitazama. Lakini mkanda ulikuwa unatembea. Sharubati iliyobaki ilitakiwa iishe.

Mama akakaa kwenye stuli yake, akanipakata. Akaniambia sikioni: "Usiifuate chupa kwa macho. Tazama mbele, iache ije yenyewe. Ukiona kitu usifikiri, toa."

Zikaja. Mwanzoni ni nzuri, kila moja inawaka kidogo inapofika kwenye kioo, kisha inazimika. Niliona zile duara nyeupe zilizochubuka begani na kiunoni, mama akaninyooshea kidole: hizo ni za zamani, zimesuguana na wenzake miaka. Nilihesabu, nikapotea, nikaanza tena. Macho yakaanza kunitoka machozi kwa ule mwanga.

Ndipo ikaja moja yenye kitu. Cheusi, kitakoni, ukubwa wa shilingi. Nilifikiri, yaani nilifanya kile nilichokatazwa, na mkono wangu ukabaki pajani. "Mama, ile!"

Mama alikuwa anaitazama. Hili nina uhakika nalo, kwa sababu uso wake uligeuka. Yeye aliyeniambia nisiifuate chupa, aliifuata. Aliisindikiza kwa macho mpaka ilipoingia kwenye mashine ya kujaza na kupotea kati ya zingine, na mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni kwangu, haikuinuka.

"Ni taa hiyo," akaniambia sikioni.

Kabla ya adhuhuri mkanda ukasimama. Ule ukimya ulinitisha kuliko kelele.

Kila mfanyakazi alipewa kreti moja ya soda, hela wataitwa. (Waliitwa, baada ya miaka, na hadithi yake ni ndefu na haina utamu.) Ndugu na majirani wakanywa ishirini na nne zote siku mbili. Mimi sikunywa, nilisema tumbo linauma. Mama aliporudisha chupa tupu kwa Mangi mwenye duka, Mangi akazigomea: "Hizi sasa nitampelekea nani, mama?" Basi zikabaki nyumbani, na mwezi uliofuata mama akaanza kuzitumia kupimia mafuta ya taa barazani. Alicheka mwenyewe siku ya kwanza. Mafuta yale ndiyo yaliyonisomesha.

Sijawahi kumuuliza kuhusu ile chupa. Mara nyingine naamini ilikuwa taa kweli.

Tuirudie sendofu. Mwanangu alipoona bibi yake anainua, naye akainua ya kwake, akaigeuzageuza kwa mbwembwe, akasema: "Bibi, hii ina kitu!" Watu wa mezani wakacheka. Mama hakucheka. Aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu, akampa mtoto ya kwake, na ile akaiweka chini ya kiti bila kufunguliwa.

Tulipokuwa tunaondoka niliiokota, nikaiinua kwenye taa. Sikuona kitu. Lakini mimi pale kwenye kioo nilikaa dakika tano tu.