Nguo za usiku rasmi melini

Jamani, mnaojiandaa na safari ya meli ya kitalii, msijaze begi zima kwa ajili ya usiku rasmi, yaani ule ambao abiria huvaa nguo za heshima kwa chakula cha jioni. Safari ya siku 7 kwa kawaida huwa na usiku 1 au 2 wa aina hiyo, mara nyingi siku ambayo meli haitii nanga popote. Kwa mwanamume, suti moja ya rangi iliyokolea, mashati 2 na tai 2 zinatosha. Meli nyingi hazidai tuksedo, ile suti ya sherehe inayovaliwa na tai ya kipepeo.

Kazi iko kwenye mikunjo. Pasi kwa kawaida haziruhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto, na ikikutwa kwenye mzigo huzuiliwa hadi safari iishe. Kwa hiyo koti lipakie hivi: geuza bega moja ndani nje, ingiza la pili humo, bitana ibaki juu, kisha livishe mfuko laini wa plastiki. Kitambaa kitateleza badala ya kubanwa, na kinachobanwa ndicho hushika mkunjo. Ukifika tu, litundike. Likibaki na alama, liweke bafuni unapooga maji ya moto, mlango umefungwa, mbali na matone.

Akina dada, acheni visigino vyembamba. Meli huyumba, na kwenye deki ya mbao kisigino hunasa katikati ya mbao. Kinene cha sentimita 4 au 5 ni salama zaidi. Gauni lisiburuze, maana ngazi ni nyingi. Mtandio pia muhimu: kiyoyozi cha ukumbi wa chakula huwa kikali.