Bi Mkubwa: kumbukumbu ya miezi mitatu na nge

Wiki ya 1
Kapatikana chini ya rundo la matofali, siku fundi alipokuja kumalizia choo cha nje hapa Muheza. Fundi keshainua chepe, nikamzuia. Mweusi tii, urefu kama kidole changu cha kati, magando mapana yenye wekundu uliofifia. Kwa umbo hilo namdhania ni Pandinoides cavimanus (zamani Pandinus), aina ya nge wakubwa, na kwa ukubwa huo bado mtoto. Mwenye gando nene na mkia mwembamba hutegemea zaidi gando, na kwa kawaida sumu yake si ya kutisha. Wa kuogopa ni mwenye gando jembamba na mkia mnene, kama wale wa jamii ya Parabuthus. Hata hivyo simgusi. Nina kibano kirefu, kinatosha.

Nimemwita Bi Mkubwa. Mke wangu hakucheka.

Makazi: boksi la plastiki linaloonyesha, mfuniko nimeutoboa kwa msumari wa moto. Ndani sentimita 15 za udongo uliochanganywa na chenga za makumbi ya nazi, kigae cha chungu cha kujifichia, na kizibo cha maji. Taa ya joto ya nini, na jua hili la Tanga?

Wiki ya 3
Nimeharibu. Nilisikia anapenda unyevu, basi kila asubuhi namwagia maji kama mchicha. Leo boksi linanuka uvundo, kuvu jeupe limetanda, na utitiri unamtambaa miguuni. Nimetupa udongo wote. Sasa namimina maji kwenye kona moja tu, yazame chini, juu pabaki pakavu.

Wiki ya 6
Mende wa jikoni marufuku, maana huwezi kujua kapita kwenye dawa ya nani. Nakamata panzi uani, mmoja kwa wiki. Jana nilikaa nikamtazama akila. Hakutumia mwiba kabisa. Alimbana panzi kwa gando moja, akatulia, kisha vile vimeno vya mbele ya mdomo vikaanza kumsaga taratibu, kimoja kinaingia kingine kinatoka. Nge hatafuni akameza. Hulainisha nyama kwa majimaji yake halafu anafyonza. Saa mbili baadaye kilichobaki ni kidonge cha mabawa na miguu.

Wiki ya 9
Kagoma kula. Kaziba mlango wa shimo lake kwa udongo. Panzi nimemtoa, kwa sababu nge anayejiandaa kujivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa) anaweza kung'atwa na chakula chake mwenyewe.

Wiki ya 11
Bado. Mara mbili nimeshika kijiko nimfukue, mara mbili nimekirudisha. Afadhali sikumfukua, ila sisimizi karibu wamfukue wao: asubuhi nimekuta msafara wao unapanda mguu wa meza. Nimefanya alivyokuwa akifanya bibi kwa kabati la sukari, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji na mafuta ya taa kidogo.

Wiki ya 12
Rafiki yangu wa kibanda cha pesa za simu kaniazima taa yake ya kukagulia noti bandia. Chini ya mwanga ule nge hung'aa kijani cha samawati. Shimo limepita kando ya plastiki, nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa cheusi. Saa nne usiku nikakiinua, nikawasha.

Nge wawili!

Mmoja anawaka vizuri, lakini mtupu, amepasuka mbele kwenye ukingo wa kichwa. Wa pili kalala pembeni yake, mweupe mweupe, haang'ai hata kidogo. Ngozi mpya huchelewa kuwaka mpaka ikomae. Nikazima taa haraka, nikarudisha kitambaa. Mke wangu alikuwa nyuma yangu muda wote, kumbe.

Wiki ya 14
Rangi imerudi, magando yamejaa. Nimesubiri siku 10 ndipo nikampa panzi mdogo, kamdaka kabla hajatua. Gamba nimeliloweka kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, nikahesabu meno ya vile vitana viwili vya chini ya tumbo: 17 upande mmoja. Dume huwa na vitana vikubwa zaidi, lakini bila wa kumlinganisha naye hesabu hii hainisaidii. Mke wangu anauliza kama jina litabadilishwa. Kwa sasa hapana.