Ukitaka cha kuandika Mwanza, fuata kazi za watu

Wengi wanaoanza kuandika hapa Mwanza huanzia palepale: Jiwe la Bismarck, jua linazama, mtumbwi unapita, ndege weupe wanarudi kulala. Aya moja ikiisha mwandishi hana cha kuongeza, anafunga daftari na kusema msukumo umemkimbia. Mimi naona alichokosa ni mtu mwenye haja. Machweo hayadaiwi na mtu wala hayaogopi kuchelewa. Mama aliyeanika dagaa kule Igombe anadaiwa, anaogopa mvua, na anaomba jua liwake mpaka jioni. Kaa karibu na kazi yake nusu saa tu, utaondoka na kitu cha kuandika wiki nzima.

Kwa hiyo anayeniuliza atoe wapi hadithi, shairi au makala katika maisha haya ya kila siku, namwambia aache mandhari kwanza, afuate kazi. Kazi ina mwanzo na mwisho, ina vifaa vyenye majina yake, ina bei, na ina namna zake za kuharibika. Pale inapokaribia kuharibika ndipo kalamu inapopata pa kushika.

Tuchukue hao dagaa, kwa sababu kazi yao karibu yote inafanyika mbele ya macho ya watu. Huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi zikiwa za betri na umeme wa jua. Dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Alfajiri mzigo unashushwa, unauzwa kwa ndoo, halafu wanunuzi wanawatandaza dagaa mchangani, juu ya mawe, kwenye nyavu chakavu au kwenye vichanja. Jua likiwa kali, siku moja yaweza kutosha, mradi wageuzwe ili na wa chini wapate joto.

Hayo bado ni maelezo tu. Sasa weka wingu. Ni saa 5 asubuhi, dagaa wa juu wameshakauka, wa chini bado wabichi, na upande wa ziwani kumeanza kuwa kweusi. Akiwazoa sasa, unyevu utabaki ndani ya gunia nao wataota ukungu kabla ya kufika sokoni. Akisubiri na mvua ikamkuta, watapoteza rangi, watakatikakatika, harufu itageuka, na aliyetarajia kuwauza kama kitoweo atawauza kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Na mtaji wenyewe labda ni mkopo wa kikundi, marejesho ni Ijumaa. Hapo una mtu, una haja yake, una kizuizi, na una saa inayokimbia. Hujabuni chochote.

Lakini usiandike "mama alikuwa na wasiwasi". Tazama mikono. Atachukua dagaa mmoja kutoka chini ya tandiko na kumkunja: akikatika amekauka, akipinda bado. Basi sentensi zako ziwe hivi: "Alimkunja dagaa mmoja. Akapinda. Akautazama ule weusi wa ziwani, akainama, akamkunja mwingine." Wasiwasi wote umo humo, na neno lenyewe halijatajwa. Msomaji wa Mwanza ataujua papo hapo. Msomaji wa Tanga, asiyewahi kuona uanikaji huo, ataujua pia, kwa sababu umemwonyesha kipimo anachotumia mama mwenyewe.

Ukiijua kazi kwa ndani, hata hali ya hewa inaacha kuwa pambo la aya ya kwanza. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hujikusanya juu ya maji usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko huko na taa zake. Mchana mambo yanageuka, mawingu yanajengeka zaidi nchi kavu. Maana yake mume aliyeko majini na mke aliyeko mchangani wanaogopa mvua moja kwa saa tofauti. Wazo kama hilo halitakujia ukiwa umekaa chumbani unaomba mguso.

Kalenda ya mwezi nayo ikusaidie. Siku za giza mwalo, pale mitumbwi inapotua, una pilikapilika: nenda saa 12 asubuhi, utapata vitendo, bei, kelele, watu wanaogombania ndoo. Siku za mbalamwezi nenda alasiri. Wavuvi wako kivulini wanashona nyavu, mikono ina kazi na midomo iko huru, na hapo ndipo mazungumzo marefu yanapotoka: nani kahama mwalo, mwenye mtumbwi anakata kiasi gani, nani kaenda visiwani na hajarudi. Anayekwenda siku za giza peke yake hurudi na picha zisizo na sauti.

Vifaa ni vichache. Daftari dogo la kuingia mfukoni na penseli. Nasisitiza penseli, kwa sababu mwaloni kila kitu kinalowa na wino wa baadhi ya kalamu ukilowa unatawanyika. Simu ina shida zake. Juani kioo hakisomeki vizuri, na mtu akikuona umeinyanyua anadhani unampiga picha. Mahali ambapo baadhi ya watu wana nyavu haramu au samaki wachanga kwenye ndoo, mgeni mwenye simu mkononi anahesabiwa kuwa mtu wa serikali, na mazungumzo yanakufa hapohapo. Afadhali ujitambulishe mapema kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha pale mwaloni, useme wewe ni mwandishi na unataka kujifunza kazi. Kisha nunua chai na kitafunwa kwa mama lishe. Aliyenunua chai ana haki ya kukaa.

Ukishakaa, kaa sehemu moja dakika 20 hadi 30, usizurure. Dakika 10 za kwanza usiandike kabisa. Watu wakiona penseli wanaanza kuigiza. Baada ya hapo andika mistari mitano au sita tu: kitendo kimoja kwa mpangilio wake, kauli moja kama ilivyosemwa, kiasi au bei, harufu au sauti, na kitu kimoja kilichokaa pasipo pake. Hicho cha mwisho ndicho hubeba zaidi ya vyote. Kiatu cha shule ndani ya mtumbwi. Mwanamume mzima aliyevaa suti katikati ya wapakuaji. Usikifafanue, kiandike tu.

Mistari hiyo iwe kwenye ukurasa wa kushoto. Wa kulia uache wazi mpaka usiku, uandike maswali: anataka nini, nani anamzuia, akikosa nini kitatokea, nani atajua. Usilale kabla hujafanya hivyo. Ukiliacha mpaka kesho, kauli za watu zinageuka kuwa kauli zako: wote wanaanza kuzungumza kama wewe, kwa sentensi ndefu zilizonyooka, na hiyo ndiyo sababu hadithi nyingi za mwanzo zina wahusika sita na sauti moja.

Kuhusu kauli, kosa kubwa ni kuzisanifisha. Kiswahili cha huku kimekaa na Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya kwa muda mrefu, na kina mwendo wake. Mzee anayeamkiwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, usimfanye aitikie kama mtangazaji wa redio. Zaidi ya maneno yenyewe, sikiliza swali lisilojibiwa. Kijana anauliza, "Mama, sado bei gani?" (sado ni kopo la kupimia). Muuzaji anamjibu, "Si jana ulisema unarudi?" Bei haikutajwa, lakini katika mistari miwili tumeshajua kuna jana, kuna ahadi, na kuna mtu anayekumbuka. Ukiongeza "alisema kwa hasira" umeiharibu.

Si lazima iwe samaki. Kwenye daladala ya Buhongwa fuata chenji: noti inatoka mkono gani, inapita kwa nani, konda anasema "subiri mbele", na abiria anashuka kituo kipi kabla ya kupewa. Sokoni fuata kipimo, jinsi sado inavyojazwa hadi kilele na mkono unavyopita juu yake. Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimepanda mlimani katikati ya mawe na magari yanaishia chini, fuata kitu kizito. Gunia la mkaa, mfuko wa saruji, kitanda cha bibi harusi, jeneza, vyote vinapanda kwa mabega ya watu. Nani anaitwa kusaidia, nani anajificha ndani, wapumzike kwenye jiwe lipi. Mlima mmoja kama huo una hadithi nyingi kuliko mwandishi mmoja anavyoweza kumaliza.

Anza na kazi zinazotoweka, hizo hazitakusubiri. Miaka mingi kivuko cha Kigongo na Busisi kiliambatana na maisha kamili ya foleni: mayai ya kuchemsha, mahindi, samaki wa kukaanga, watoto wakikimbia kando ya madirisha ya mabasi, abiria wakifahamiana kwa sababu ya kukwama. Tangu daraja la kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache. Ni jambo jema kwa mgonjwa na kwa mfanyabiashara, na siililii foleni. Lakini aliyekuwa akiuza mayai pale anajua mambo ambayo hayajaandikwa, na yuko hai leo. Mwulize alivyojua basi lipi lina wanunuzi. Mwulize sasa anauza wapi.

Pwani ya ziwa hili ina mfano mkubwa wa uandishi wa namna hii. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya mume na mke wanaotafuta mtoto, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kuchapishwa kwa Kiswahili. Ndani yake mambo yanaelezwa kwa ukamilifu: pombe inavyotengenezwa, mgeni anavyopokelewa, mgonjwa anavyotibiwa. Hayachoshi, kwa sababu chini ya kila shughuli kuna haja ileile ya mtoto. Jipime hapo. Kama maelezo yako ya kazi hayana haja chini yake, umeandika mwongozo wa kazi.

Kuna jambo la kuangalia kwa makini. Ziwa hili limebeba misiba. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na walioondokewa tunaishi nao mtaa mmoja. Usimkalishe mtu umhoji kilio chake ili upate aya. Andika kinachoonekana leo: mama anavyomshika mtoto mkono tangu kwenye ngazi ya meli, mzee anayechagua kukaa nje hata baridi ikiwa kali. Msomaji wa hapa atajua. Vivyo hivyo na siri za majirani. Kisiwani kubadilisha jina hakutoshi, badilisha kazi, mtaa, idadi ya watoto na msimu, ubakize kiini cha mgogoro tu. Kama kiini chenyewe kinamtambulisha, hadithi hiyo iache.

Daftari likijaa, wengi hutaka kumwaga kila kitu kwenye ukurasa mmoja: dagaa, daladala, mawe, gugumaji, kivuko. Hadithi inakuwa bango la utalii. Chagua mtu mmoja, haja moja, siku moja. Anza karibu na hatari, wingu likiwa limeshaonekana, si asubuhi wakati wa kupiga mswaki. Maelezo ya kazi yaingie pale tu yanapoongeza hofu au matumaini. Yale mengine, hata kama ulitaabika kuyapata, yabaki daftarini. Rasimu ya kwanza ya maneno 600 hadi 800 inatosha kujua kama kuna kitu.

Kisha mpelekee mtu wa kazi hiyo umsomee kwa sauti. Usimwulize kama imependeza, atakusifu kwa adabu. Mwulize ni wapi mtu wa kazi hii asingefanya hivyo. Atakuambia, kwa mfano, kwamba wingu likiwa pale mama asingesimama kukunja dagaa wa tatu, angekuwa ameshamtuma mtoto kwa jirani kuomba turubai. Andika turubai. Halafu mwulize kama jirani angelitoa.