Punje za Rozari

Julai 2014, miezi miwili baada ya kumzika mama, nilipanda gari kutoka Songea kwenda Peramiho kufanya mafungo ya siku tatu kwa watawa Wabenedikto. Mama alibatizwa hapo. Alipenda kunikumbusha kwamba misheni ile ya mwaka 1898 ilichomwa wakati wa Majimaji, na watu wakaanza upya.

Nilibeba sweta, rozari na daftari la maombi, nimeyapa namba hadi 31. La kwanza lilikuwa swali: Bwana, zile novena ulizisikia? Tulisali tatu mfululizo, kila moja siku tisa, mama akiwa kitandani.

Padre mzee alilipokea daftari kwa mikono miwili, hakulifungua.

"Mwanangu, baba yetu Benedikto anasema anayetaka kusali peke yake aingie tu, asali. Nenda kanisani ukakae saa moja. Hili niachie mimi."

Saa ile ilikuwa ndefu jamani. Mtakatifu Teresa wa Avila, mwalimu mkubwa wa sala, alikiri kwamba kwa miaka alikuwa akitamani saa ya sala iishe. Mimi sikulijua hilo, nikadhani moyo mkavu ni wangu peke yangu. Nilianza Baba Yetu. Nilipofika "utakalo lifanyike", koo likakaba. Nikanyamaza, nikitazama taa nyekundu ya tabenakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, baridi ikinipanda miguuni kutoka sakafuni.

Sijui ilipita muda gani. Nilishtuka dole gumba langu likisukuma punje ile ile ya rozari, mbele na nyuma, kama mtu anayepukuchua mahindi. Na hapo mama akanijia. Kila Julai tulikaa mkekani, yeye na mimi, ungo katikati. Jioni nzima tungeweza tusiseme neno. Gunzi langu likiwa gumu, alilichukua, akalianzisha mstari mmoja kwa kucha, akanirudishia bila kunitazama. Sikuwahi kumwomba. Sikuwahi kujiuliza kama ananipenda.

Nikalia, kilio kisicho na uchungu wa zile siku za msiba. Kulikuwa na Mtu pale. Nasema hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amekaa nami, na gunzi langu gumu lilikuwa mkononi mwake.

Kengele ya Masifu ya Jioni ikalia, watawa wakaingia. Nilikuwa bado pale pale, utakalo lifanyike, na sikutaka kusogea.